Siku za Kulthum

Nimezika waume wawili. Wa kwanza nilimpenda, wa pili nilimzoea, na wote wawili waliondoka bila kuniaga. Tangu hapo nikashika desturi ya kuwatania walio hai mapema, kabla nao hawajapata nafasi ya kunifanyia hivyo. Ndivyo nilivyoishi hapa Matondoni, na ndivyo nilivyosomesha.

Chuo changu cha Kurani kilikuwa ukumbi wa nyumba yangu mwenyewe. Watoto walikaa kwenye mkeka, nami kwenye kibao nikisuka ukili wa miyaa, maana Matondoni mkono wa mwanamke ukikaa bure watu humuuliza kama anaumwa. Walikuwa kumi na mmoja, wake kwa waume, wote chini ya miaka minane. Wavulana wakishaanza kuona haya huenda kwa walimu wanaume. Mimi huachiwa hawa ambao meno yao bado yanang'oka, na ambao mtu akipiga chafya katikati ya sura inabidi tuanze upya.

Asubuhi ilikuwa alifu na bee, kila mtoto na ubao wake wa mti, wino wa masizi, na ndoo ya maji ya kufutia. Maji yale ya kufutia hatukuyamwaga ovyo, kwa sababu ya majina ya Mungu yaliyomo. Yalimwagwa penye mche, au yalinywewa. Lakini saa ya mwisho kabla ya adhuhuri nilikuwa nikiwafunza kusema. Ndiyo, kusema. Mtoto wa kwetu asiyejua kufumba na kufumbua akiwa mkubwa hualikwa harusini mara moja tu.

Nilianza na mfano.

"Ukili huu unafanana na nini?"

"Na ukili," akasema Jeilani. Alikuwa mtoto mnene, mwema, anayeamini kila kitu.

"Jeilani, baba, angalia vizuri. Mwembamba, mrefu, unajipindapinda."

"Ukili mrefu."

Siku nyingine niliwaambia, "Mtu akikasirika husema, moyo wangu unawaka moto." Kabla sijaendelea Jeilani alikuwa ameshachota kata ya maji ndooni na kunimwagia kifuani. Watoto waliangua kicheko, nami nikacheka nikirowa, kwa kuwa nilikuwa sijapata kuokolewa na mwanamume kwa haraka namna ile.

Wa kushika upesi alikuwa Hadia, binti wa Fundi Khatib na mkewe Kulthum. Miaka saba, shingo nyembamba, mato makubwa ya kuona kila kitu. Siku ya kwanza ya mifano aliinua kidole.

"Mwalimu ni kama mbuzi wa Bwana Madi."

"Kwa nini, mama?"

"Ana ndevu tatu."

Nilijipapasa kidevu. Zilikuwa tatu kweli, nami nilidhani hazionekani. "Vyema," nikasema. "Umeona vitu viwili vinapokutana. Sasa ondoa hilo 'kama', tuone."

"Mwalimu ni mbuzi."

"Hapo umevuka mpaka. Kaa."

Baba yake alikuwa mjenzi wa vyombo, na nyumba yao ilikuwa karibu na pale mbao zinapokerezwa, kwa hiyo mifano yake ilitoka huko. Chombo kilichosimamishwa mataruma, zile mbavu zake, bila mbao alikiita "nguru tuliyemla jana." Fundi Khatib alipoambiwa alikwenda nalo kazini, wakalitumia mafundi wote: "Leo nguru wetu yuapata nyama." Alimpenda binti yule kupita kiasi. Alikuwa akimpakata mbele za watu, jambo ambalo wanaume wengi walilionea haya, naye akijibu, "Nimeona vyombo mia moja vikiondoka mkononi mwangu. Hiki kimoja niacheni nikishike."

Kisha bibi yake Jeilani akafa. Mtoto yule aliendelea kuja chuoni na kuuliza kila mtu bibi atarudi lini, na watu wakimwambia maneno ya kufumba, naye kama mjuavyo hakuwa na habari ya mafumbo. Nikaona afadhali nimfunze.

Adhuhuri ile, walipokuwa wakiniletea mbao zao niziweke, nilimkamata Jeilani mkono.

"Ubao huu wa nani?"

"Wangu."

"Si wako. Ni wangu. Nilikupa asubuhi uushike. Umeuandikia, umeupakata, ukaupenda. Sasa nautaka. Utanipa?"

Alinipa.

"Hiyo ndiyo amana," nikawaambia. "Tulivyo sote tuna Mwenyewe. Akitaka chake huchukua, na aliyekuwa amekishika ana ruhusa ya kulia, lakini hana ruhusa ya kukataa. Kwa hiyo mtu akifiwa hatumwambii neno lile uchi. Neno zito huvishwa nguo. Tunasema, Mwenye amana ameitaka amana yake. Mwenye kusikia hujua, lakini hujua taratibu. Fumbo ni kumpa mtu muda akae kitako kabla hajaanguka."

Jeilani akalia, mara ya kwanza tangu mazishi, nikampakata na uzito wake wote. Mimi nilijiona siku ile mwalimu hasa. Hadia alikuwa bado amesimama na ubao wake kifuani. Ilibidi nimnyooshee mkono mara mbili.

Mwezi wa Mfungo Tano, wa tano tangu Ramadhani, Fundi Khatib aliitwa Kismayu kutengeneza jahazi lililopasuka mkuku, ule uti wake wa chini, yeye na mwenzake Yunusi. Alisema miezi mitatu. Aliacha unga, samli, na maagizo kwamba Hadia asomeshwe mpaka aweze kusoma waraka wake, maana Kulthum hakuwa anajua kusoma. Alisema, "Nitamwandikia mke wangu maneno ambayo sitaki yasomwe na ndevu za mtu." Nikamuuliza kama na ndevu zangu tatu zimo. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Waraka ukaja mwanzo wa Mfungo Saba. Uliletwa na baharia wa chombo kilichokuwa kikiteremka Mombasa. Aliutia mkononi mwa Hadia mlangoni na kukimbilia mashua yake. Tulikuwa ukumbini kwa Kulthum baada ya alasiri, mimi na jirani yake Bi Ummu, kila mmoja na ukili wake. Kulthum aliruka.

"Njoo, Hadia, njoo hapa katikati! Soma mama, sauti juu."

"Asome kwanza pale palipotajwa shali yangu," akasema Ummu.

"Shali gani? Nani kakuagizia?"

"Sikuagiza. Nilimtazama tu alipokuwa akiondoka, naye ana akili."

Hadia alifungua karatasi. Alianza, *Bismillahi*, polepole, herufi kwa herufi, kama anavyosoma mtoto wa miaka saba: hupanda juu ya neno, huteleza, hupanda tena. Akasoma salamu. Akasoma salamu za Yunusi kwa wote wakubwa kwa wadogo. Akafika *amma baad*, pale habari yenyewe inapoanzia, akanyamaza.

Aliinua mato akamtazama mama yake. Kulthum alikuwa akimtania Ummu kuhusu ile shali, uso umemfunguka kama sahani. Mtoto akamtazama kitambo. Kisha akarudi kwenye karatasi na kusoma, safari hii mfululizo, bila kukwama hata mara moja: "Mume wako Khatib ni mzima, na kazi ni nyingi, na mkuku ulikuwa umeoza kuliko walivyodhani. Anasema atakuja mwisho wa Mfungo Nane. Anasema usiwe na hofu. Basi."

"Shali?" akauliza Ummu.

"Ataleta," akasema Hadia.

Nilisikia. Mimi mwalimu wake, ninayejua kila jiwe anapojikwaa, nilisikia kwamba hakujikwaa. Nikasema nini? Nikasema, "Haya, tumepata sheikh! Kesho nitakaa mimi mkekani na wewe ukae kibaoni." Wakacheka wote. Waraka ulikuwa dhiraa moja kutoka goti langu. Ningenyoosha mkono tu. Nilikuwa naunga ukili wa pili kwenye wa kwanza, na mtu akiwa anaunga hapendi kuachia.

Basi Kulthum akawa na furaha yake. Mfungo Saba ulikuwa mwezi wa harusi ya mpwa wa Ummu, na Kulthum ndiye aliyeshika ngoma. Alivaa leso mpya, akatia kikuba cha asumini na rehani kichwani, akaimba mpaka sauti ikamkauka. Wanawake wa Lamu mjini waliokuja walimuuliza mumewe yuko wapi akawaambia, "Yuaja, na akija hamtaniona tena barazani kwa wiki mbili!" Nikaongeza langu, ambalo siliandiki hapa.

Hadia akapungua maneno. Saa ya mifano ikifika alikuwa akisema, "Leo sina." Nikamtania. Nikasema mbuzi wa Bwana Madi yuamngoja. Hakucheka. Siku moja, wenzake walipokwisha toka, alibaki akisugua ubao uliokuwa umeshatakata.

"Mwalimu, fumbo likishafumbuliwa, laweza kufungwa tena?"

"La, mwanangu. Ni kama yai. Ukishalivunja, kula tu."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Nami nikajisifu moyoni kwa jibu lile la yai.

Tarehe ishirini na tano Mfungo Nane, Kulthum alimtuma kwangu na karatasi mpya na kalamu. Mwezi ulikuwa umebaki siku nne au tano, mume hajatokea, na kulikuwa na mtu anayekwenda Kismayu kesho yake. Mtoto amwandikie baba yake, nami nimsimamie mwandiko. Alisema hivyo Hadia, akakaa. Nilimuuliza mama yuafanya nini. Akasema, "Yuakausha hina. Mikono na miguu. Bi Ummu ndiye aliyemtia."

"Amefanya vyema. Mume akute mtu, asikute mkaa. Haya, andika: *Kwa mpenzi mume wangu*..."

Aliandika.

"*Khatib bin*..."

Aliandika.

"*Ama baada ya salamu, sisi huku wazima, nasi twatumai nawe pia u mzima*..."

Kalamu ikasimama. Wino ukaanza kukusanyika chini ya ncha, ukawa doa, doa likawa kubwa.

"Wewe, waharibu karatasi ya mamako."

"Mwalimu," akasema, "waraka wa maiti hupelekwa wapi?"

Nilikuwa na mzaha ulimini, tayari. Ninauhisi mpaka leo ulivyonikaa mle. Niliweka ukili chini.

"Maiti gani, Hadia?"

Akanisomea. Mikono ilikuwa magotini, mato yamekaza ukutani, akasoma kama anavyosoma sura aliyoihifadhi: "*Amma baad. Tulikuwa na amana ya watu mikononi mwetu, na Mwenye amana ameitaka siku ya Ijumaa, tarehe ishirini Mfungo Sita, baada ya homa ya siku tisa. Hatukuwa na uwezo wa kuizuia. Tumeirudisha imeoshwa na imevikwa nyeupe, na watu wa hapa walisimama nasi. Mwambieni mwenye nyumba akae, na Mungu atampa subira. Mimi Yunusi nitakuja kazi itakapokwisha, na vyombo vyake vya kazi nitavileta.*"

"Waraka uko wapi?"

"Nimeunywa."

Nilidhani sikusikia.

"Niliutia bakulini na maji, wino ukatoka wote, nikaunywa. Karatasi nikaifukia chini ya mche. Kuna Bismillahi juu, singeweza kuutupa." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mgonjwa akipewa kombe, akinywa maandiko, ugonjwa hutoka. Nilidhani nikinywa yatatoka na haya. Lakini yamebaki."

Watu waliokuja kusikia habari hii baadaye waliniuliza mbona sikumkaripia. Ningemkaripia kwa lipi? Kombe ni sisi tuliompa alipokuwa na homa. Maji ya kufutia ni mimi niliyemwambia asiyamwage. Kila kitu alichokifanya mtoto yule alikuwa amefunzwa, na kingi katika hicho alifunzwa na mimi.

"Kwa nini hukumwambia mama?"

"Alikuwa akicheka," akasema. "Nawe ulisema neno hulivisha nguo, ukampa mtu muda. Nilikuwa nampa muda." Akaisukuma karatasi mbele yangu. "Mwalimu, muda umekwisha. Ametia hina."

Hapa lazima niseme jambo moja kwa asiyelijua. Mwanamke wa kwetu akifiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hukaa ndani, kwa nguo nyeupe, bila hina, bila wanja, bila ua kichwani. Na siku hizo huanza roho inapotoka, hazingoji habari ifike. Watu wa nje huiona eda kama kifungo. Mimi nimekaa mara mbili. Ni siku pekee ambazo dunia nzima hukuacha uwe mke wa mtu aliyekwisha kuondoka. Baada ya hapo watu huanza kukutafutia mwengine. Nilihesabu vidoleni pale pale, kutoka ishirini Mfungo Sita mpaka siku ile. Miezi miwili na siku tano. Nusu kamili ya eda ya Kulthum ilikuwa imekwisha, na alikuwa ameimaliza kwenye ngoma, na kikuba kichwani.

Nikavaa buibui, nikamshika mtoto mkono.

Kulthum alikuwa amekaa ukumbini, mikono mbele kama anaomba, akingoja hina imkauke. Alipotuona alifurahi.

"Mushamaliza? Mumeandika alete na ile shali ya Ummu? Bi Alawiya, hebu nikune pua, nawashwa, na mikono hii..."

Nikamkuna pua. Nikakaa. Nikamuuliza habari za asubuhi. Nikamuuliza habari za kuku. Nikasema joto limezidi. Nilikuwa nikizunguka kama tunavyozunguka, natafuta mahali pa kuingilia, na ile habari ya amana ilikuwa imekaa tayari, imevaa, imefunga kilemba, nami nikashindwa kuifungulia mlango. Mwanamke anayewafunza watoto wa watu kila siku.

Kulthum alinitazama uso.

"Hunitanii," akasema.

Nikaunyoosha ukingo wa mkeka.

"Nimekaa na hina mpaka viwiko, Bi Alawiya, na mume yuaja, nawe hunitanii." Mikono ikaanza kumshuka polepole. "Nani amekufa? Khatib?"

"Kulthum, mwanangu, sote tulivyo..."

"Usinivishie! Nambie uchi!"

Sikuweza. Ulimi ulijua njia moja tu. Aliyeweza ni Hadia. Alisimama mbele ya mama yake, akasema, "Baba amekufa, mama. Waraka ulisema hivyo, nami nikausoma vingine." Kisha, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi mzuri, akausoma wote, tangu Bismillahi mpaka vyombo vya kazi.

Kulthum alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja, "Tarehe?"

"Ishirini Mfungo Sita."

Akaanza kuhesabu kwa vidole vyake, na hina kavu ikawa inapasuka na kudondoka mkekani kila anapokunja kimoja. Aliporudi kwenye kidole alichoanzia aliacha. Hakupiga ukemi. Aliinuka, akaenda uani, tukamsikia akiteka maji. Nilipomfuata nilimkuta amepiga magoti, yuajisugua kwa mchanga na ndimu, mikono, miguu, na hina ile imekwisha kushika, nyekundu, nzuri, Ummu alikuwa fundi. Alisugua mpaka nikashindwa kujua ipi hina na ipi ngozi iliyochunika. Nikamshika viganja. Akanisukuma.

"Wewe ndiye uliyemfunza," akasema. "Mtoto wa miaka saba. Angekuwa mjinga angesoma kama palivyoandikwa, asielewe, nami ningeelewa. Ungemwacha mjinga!"

Hadia alikuwa mlangoni. Mama yake akamtazama, na nilitamani ampige, yaani ampige yaishe. Hakumpiga. Alimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ulibeba peke yako siku zote hizi? Na wali ulikuwa ukila?" Mtoto akasema alikuwa akila kidogo. "Njoo," akamwambia, na kumvuta akamkalisha pajani pale penye maji, juu ya mchanga. Kwangu mimi akasema, "Nenda zako, Bi Alawiya. Usije."

Nikaenda zangu. Khitma nilikaa nyuma kabisa, karibu na viatu.

Alivaa nyeupe na mikono myekundu. Wanawake waliokwenda kumpa mkono walikuwa wakiitazama ile mikono na kuangalia kando, na mwenye kuulizwa alieleza, na kila aliyeeleza alilitaja jina langu. Ni haki yao. Hadia aliondolewa chuoni. Ubao wake niliuweka ukutani na wengine, nikawa nasomesha kumi. Saa ya mwisho kabla ya adhuhuri niliwaongezea juzuu. Jeilani aliuliza mara moja mbona hatusemi mifano tena, nikamwambia mifano imekwisha. Akaamini.

Mwisho wa Rajabu siku zikatimia. Wanawake walijikusanya kwenda kumwosha na kumtoa eda, wakarudi na udi wao. Kulthum amekataa kutoka. Mumewe Ummu akamwendea Bwana Abdulghafur, imamu wa msikiti, mtu mpole, naye akaja akasimama nyuma ya pazia akamweleza kwamba mbele ya sheria amekwisha kutimiza, kujua na kutojua ni sawasawa, hana dhambi ya hina wala ya ngoma, kwani hakukusudia. Na kujizidishia si kwema.

Ummu alikuwa ndani, ndiye aliyenihadithia jibu. Kulthum alisema, "Bwana, sheria imemalizana nami, alhamdulillahi. Mimi bado sijamalizana na Khatib. Kuna miezi miwili na siku tano nilikaa na kikuba kichwani, yeye yu mchangani. Hizo nitamkalia."

Bwana Abdulghafur akasema atamwombea dua, akaenda.

Akazikaa. Alikaa Shaabani. Alifunga Ramadhani ndani ya nyeupe, akifuturu na Hadia peke yake, na kutwa akisuka ukili na mtoto akimpokeza miyaa. Yunusi alikuja katikati ya Ramadhani na kikapu cha vyombo: shoka, keekee, patasi mbili. Akavikabidhi kwa Hadia mlangoni, akakaa barazani hata maghribi bila kuitwa. Idi ikaja, watoto wakapita nyumba kwa nyumba na nguo mpya, na nyumba ile wakaipita kimya, mpaka Jeilani, ambaye siku ile nilimpenda kuliko watoto wote wa Matondoni, aliingia na kipande cha halua akampa Hadia, akatoka bila neno.

Asubuhi ya tarehe sita Mfungo Mosi, jua halijapanda juu ya ukuta, Hadia alisimama ukumbini kwangu. Alikuwa amerefuka.

"Mama yuakuita."

Nilimkuta uani, penye kisima, amekaa kwenye kibao, amejifunga leso moja kifuani. Amekonda. Nguo nyeupe zilikuwa zimekunjwa pembeni, za kutolewa sadaka. Hakukuwa na Ummu wala wanawake wa udi. Hakuna aliyejua ni leo isipokuwa sisi watatu, kwa kuwa hakuna mwengine aliyezihesabu.

"Sikukusamehe," akasema, hakugeuka. "Nimekuita kwa kuwa wewe wajua siku zangu zilivyo. Hao wengine wangeniosha kama wanawake wote."

"Najua, Kulthum."

"Na usiseme neno la kunipoza."

"Sitasema."

Alinipa mgongo. Hadia akateka, akanipa kata, nikammwagia begani. Maji ya kisima chao ni baridi asubuhi, akashtuka, akashika ukingo wa kibao. Nikangoja. Hadia naye akangoja, kata ya pili mikononi.

"Endelea," akasema Kulthum.